Kopo Yako Inashika Maji Kiasi Gani?

Jikoni kwetu huku Pweto kuna vipimo vya aina nyingi, na kila kipimo kina kwao. Kwa soko unga unapimwa na meka, karanga na kopo, mafuta ya ngazi na chupa. Kwa duka tunasoma litri na santilitri. Kwenye biberoni kuna namba za ml upande mumoja, na upande mwingine kuna namba zingine na herufi oz. Mama aliyepata kitabu cha zamani cha kupika, kile cha Waingereza, anakuta ndani maneno ya painti, galoni na aunsi. Halafu siku moja mutoto anaharisha, pakiti ya SRO inasema: changanya ndani ya litri moja ya maji. Mama anaangalia vyombo vyake vyote na kusema: "Sasa litri njo gani apa?"

Swali lake ni la akili. Mara nyingi chakula kinavumilia tukikosea kipimo. Mwili wa mutoto muchanga hauvumilii. Kwa hiyo tuanze na vipimo vya kupika, tuvijue vizuri, halafu tufike kwa maji ya mutoto mugonjwa.

Kwa nini tuko na vipimo vya namna mbili? Sababu ni ziwa letu la Mweru. Upande huu Wabelgiji walileta litri na kilo, vipimo ambavyo Wafaransa walivitunga mwaka 1795. Ngambo ile ilikuwa Rhodesia ya Kaskazini ya Waingereza mpaka ikawa Zambia mwaka 1964, na Waingereza walipima kwa painti na galoni. Lakini hata upande wetu Waingereza walikuwako. Dan Crawford, mutu wa Scotland, alijenga mission ya Luanza kwenye ukingo wa ziwa na kukaa pale mpaka alipokufa mwaka 1926. Watu wa kwao walipika na kupima kwa painti, hata kama serikali ya hapa ilihesabu litri. Zambia ya leo inatumia litri sawa na sisi; chupa ya mafuta inayotoka kule imeandikwa litri ao ml. Vita ilipofika Pweto mwaka 2000, watu wengi walivuka na kukaa katika kambi za Kala na Mwange, na wengine walirudi na vyombo vya huko. Tena kuna vitu vinavyotoka Marekani, ambako mpaka leo wanapika kwa kopo na aunsi.

Hapa kuna mutego wa kwanza. Painti ya Uingereza na painti ya Marekani zina jina moja, lakini si kipimo kimoja. Waamerika walishika galoni ya zamani ya divai. Waingereza walitengeneza sheria mpya mwaka 1824 na kusema galoni yao iwe nafasi ya ratili 10 za maji. Tangu siku ile galoni ya Uingereza ni kubwa kupita ile ya Marekani, na painti vilevile, maana kila galoni ina painti 8. Kwa hiyo ukisoma painti katika kitabu, angalia kwanza ukurasa wa mbele: kilichapwa wapi? Kama ni London, hesabu hivi. Kama ni New York, hesabu vile.

Mutu anayejua kuandika anaweza kunakili haya na kuyabandika jikoni:

Painti ya Uingereza ni ml 568, yaani litri nusu na kidogo juu.
Painti ya Marekani ni ml 473, yaani litri nusu kasoro kidogo.
Galoni ya Uingereza ni litri 4 na nusu (kamili ni 4,55).
Galoni ya Marekani ni litri 3,8.
Kopo ya vitabu vya Marekani ni ml 240.
Aunsi ya maji ni karibu ml 30, hata iwe ya Uingereza ao ya Marekani.
Kijiko cha chai cha kipimo ni ml 5, kijiko cha supu ni ml 15.
Na litri moja ni ml 1000, ao santilitri 100. Cl 50 ni litri nusu.

Mukebe wa mafuta wa litri 4 usiuite galoni. Si ya Uingereza, si ya Marekani. Ni litri 4 basi.

Mutego wa pili ni neno aunsi lenyewe, kwa sababu kuna aunsi ya kupima maji na kuna aunsi ya kupima uzito. Ile ya uzito ni gramu 28. Kwenye mukebe wa maziwa ya unga, aunsi ni ya uzito. Kwenye biberoni ni ya maji. Usichukue namba ya mukebe na kuitafuta kwenye biberoni.

Tena kopo si kilo. Kopo ya ml 240 ikijaa maji inapima gramu 240. Ikijaa sukari inapima karibu gramu 200. Ikijaa unga wa ngano inapima gramu 120 na kitu, karibu nusu ya maji, kwa sababu unga una hewa katikati. Mama akisema "kopo mbili za unga ni robo kilo", jirani yake akiupigapiga kopo chini mpaka unga ushuke, hawatapata kitu kimoja. Kitabu kikiandika gramu, tumia mizani. Kikiandika kopo, tumia kopo, tena kopo ileile kwa kila kitu cha chakula kile.

Neno hilo la mwisho linatosha kwa mapishi mengi. Tuseme kitabu cha Waingereza kinasema mandazi yanataka nusu painti ya maziwa. Nusu ya 568 ni ml 284. Kama ulifikiri ni ya Marekani ukatia ml 237, umepunguza vijiko 3 vya supu. Je, mandazi yatakufa? Hapana. Unga utakuambia mwenyewe: ukikauka unaongeza kidogo, ukilowana unatia unga. Mama mupishi anatia maziwa polepole na mukono wake unajua. Sitaki mama yeyote aache kupika kwa sababu ya painti.

Na uji wa mutoto ni hivyohivyo. Tunafundisha kwamba mutoto wa miezi 6 mpaka 8 aanze na vijiko 2 ao 3 vya supu kila mara, aongezewe polepole mpaka afike nusu ya kopo ya ml 250. Wa miezi 9 mpaka 11 apate nusu kopo hiyo. Wa mwaka mumoja mpaka afunge miwili apate robo tatu mpaka kopo nzima. Kama kopo yako ni ya 240 ao ya 284, usijisumbue. Uji uwe muzito, usikimbie kwenye kijiko kama maji, na utie karanga za kusaga ao mafuta kidogo ao samaki ya kusaga. Hiyo inamusaidia mutoto kuliko hesabu ya ml 10.

Lakini kuna vitu vitatu ambavyo havingoji mukono wa mupishi: maji ya chumvi na sukari, maziwa ya biberoni, na dawa ya maji ya kunywa. Hapo mama asikadirie.

Tuanze na maji ya kuharisha. Mutoto anayeharisha anapoteza maji na chumvi pamoja. Ukimupa maji matupu, chumvi haitarudi. Ukimupa chumvi peke yake, utumbo haiipokei vizuri. Waganga waligundua kwamba sukari inaivusha chumvi kwenye ukuta wa utumbo, na maji yanafuata nyuma. Ni lazima zitembee pamoja, kila moja kwa kipimo chake. Mwaka 1971, katika kambi ya wakimbizi ya Bangaon kule India, kipindupindu kilikuwa kinaua watu na maji ya kutia kwa mushipa yalikuwa yanakwisha. Munganga Dilip Mahalanabis aliagiza wapime sukari na chumvi, wazifunge katika mifuko, kila mufuko kwa litri zake, na watu wa nyumbani wawanyweshe wagonjwa. Mbele ya hapo, wagonjwa karibu 30 kwa 100 walikuwa wanakufa. Kisha, chini ya 4 kwa 100. Kilichowaokoa ni chumvi, sukari, na kipimo. Sisi watu wa ukingo wa ziwa, ambao kipindupindu kinatujua kwa jina, tunapaswa kuikumbuka habari hii.

Pakiti ya SRO ya leo, ile ya litri moja, ina gramu 20 na nusu za dawa, na ndani yake chumvi ya jikoni ni gramu 2,6. Imepimwa kwa litri moja, si kwa chupa. Sasa fikirini. Mama anachukua chupa kubwa ya bia, akisema "iko kama litri". Asome maandishi: nyingi ziko cl 72 ao karibu yake. Akitia pakiti nzima humo, maji yanakuwa makali kama mutu aliyetia pakiti moja na zaidi ya theluthi ndani ya litri. Mwingine ana jagi ya kiingereza ya painti moja: maji yake yanakaribia kuwa makali mara mbili. Chumvi ikizidi hivyo, inavuta maji kutoka ndani ya mwili badala ya kuyarudisha. Mutoto anazidi kuwa na kiu, analia bila nguvu, anaweza kupata degedege. Mama anafikiri ni ugonjwa unaongezeka, kumbe ni kipimo.

Upande mwingine kuna mama mwenye chupa ya plastiki ya litri moja na nusu. Anatia pakiti moja, anajaza mpaka juu. Huyu amepunguza nguvu ya dawa. Mutoto anakunywa sana lakini chumvi iliyopotea hairudi ya kutosha. Kosa lake si baya kama lile la kwanza, lakini ni kosa.

Soma pakiti yenyewe pia, kwa sababu kuna pakiti ndogo za ml 200 na za ml 500. Kama huwezi kusoma, uliza siku ile unapopewa, usingoje usiku.

Basi litri tutaipata wapi? Njia rahisi ni chupa mbili za plastiki za maji ao limonadi zilizoandikwa 50 cl ao 500 ml. Mbili njo litri. Jaza mpaka pale kinywaji kilipokuwa kimefika wakati duka lilikuuzia, chini kidogo ya kifuniko, si mpaka mudomoni. Mimina zote mbili ndani ya chombo kimoja kinachokaa vizuri, jagi ao ndoo ndogo ao sufuria, kisha piga alama pale maji yalipofika: kwa nje tia rangi ya kucha, ao chora na musumari. Tangu hapo chombo hiki njo litri ya nyumba yako.

Mwenye mashaka aende kwa muuza duka mwenye mizani. Litri moja ya maji inapima kilo moja. Pima chombo kitupu, tia maji mpaka alama, pima tena. Kama namba iliongezeka kilo 1, alama yako ni ya kweli. Painti ya Uingereza ingeongeza gramu 568 tu. Mizani haiulizi umetoka London ao Lubumbashi.

Na musidanganywe na namba iliyo chini ya kopo ya chuma yenye rangi, ile 8 ao 9. Hiyo ni upana wa mudomo kwa santimetri. Haisemi habari ya maji.

Pakiti zikikosekana, tunatengeneza nyumbani: litri moja ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari, na nusu kijiko cha chai cha chumvi. Vijiko vya kusawazisha, si vya mulima. Pitisha mugongo wa kisu juu ya kijiko, kinachozidi kianguke. Kijiko cha mulima kinaweza kushika mara mbili ya kile cha kusawazisha, na kwa chumvi mara mbili ni nyingi. Wengine walizoea kupima kwa vidole na fumba la mukono, lakini mukono wa bibi na mukono wa musichana wa miaka 12 si mukono mumoja. Onja mbele ya kumupa mutoto: yasipite chumvi ya machozi. Yakipita, mwaga na uanze upya.

Kijiko nacho ni mudanganyifu. Tunasema kijiko cha chai ni ml 5, lakini hicho ni kijiko cha dawa. Mwaka 2010 watafiti wa Ugiriki waliandika kwamba walikusanya vijiko vya nyumba 25 na kuvipima. Kijiko cha chai kidogo kabisa kilishika ml 2,5; kikubwa kabisa ml 7,3. Mama mumoja angemupa mutoto karibu mara tatu ya dawa ambayo mwingine anampa, na wote wawili wangesema "kijiko kimoja". Vijiko vya soko letu si vitakatifu kupita vile. Kwa siro ya dawa, tumia kijiko cha plastiki ao kikopo kinachotoka ndani ya boksi yake, na ukikitunza mbali na vijiko vya kula hakitapotea. Kama hakuna, omba sirinji bila sindano. Ina ml zake zimeandikwa pembeni.

Maji ya SRO yakiwa tayari, mutoto wa chini ya miaka 2 apewe ml 50 mpaka 100 kila anapoharisha, yaani robo ya kopo ao karibu nusu. Wa miaka 2 na zaidi apewe ml 100 mpaka 200. Kwa kopo na kijiko, kidogo kidogo. Akitapika, ngoja dakika 10, kisha endelea polepole zaidi. Ziwa lisikatwe. Maji yaliyobaki kisha saa 24, mwaga. Na kama macho yameingia ndani, ao hawezi kunywa, ao kuna damu ndani ya choo, mulete hospitali, ukimunyweshea njiani.

Sasa biberoni. Mutoto mwenye mama mwenye ziwa haitaki mpaka miezi 6, wala maji haitaki, na hesabu hii yote haimuhusu. Lakini kuna mutoto ambaye mama yake alikufa, ao ambaye munganga ameagiza apewe maziwa ya mukebe. Anayemutunza ajue kusoma pande mbili za biberoni. Alama ya 2 upande wa oz iko sawasawa na 60 upande wa ml. Alama ya 4 ni 120. Alama ya 5 ni 150. Ni maji yaleyale kwa majina mawili. Chagua upande wa ml na usahau ule mwingine, hata ukiweka kitambaa cha kubandika juu yake.

Halafu soma mukebe: kijiko kilichomo ndani ni cha maji kiasi gani? Kuna maziwa yanayotaka kijiko kimoja cha kusawazisha kwa ml 30, yaani aunsi 1. Kuna mengine kijiko kimoja kwa ml 60, yaani aunsi 2. Aliyezoea mukebe wa kwanza akanunua wa pili bila kusoma, anampa mutoto maziwa makali mara mbili, na figo za mutoto mudogo zinateseka. Aliyefanya kinyume anamupa maji meupe. Mutoto ananyamaza, analala, lakini siku ya kupima kilo namba haipandi. Wengine wanapunguza unga kwa kusudi ili mukebe ufike mwisho wa mwezi. Tunaelewa bei, na ni heri mama aje kuzungumza nasi kuliko kulegeza maziwa kwa siri. Tia maji kwanza, usome alama biberoni ikiwa imesimama juu ya meza, halafu tia unga. Kopo safi ni bora kuliko biberoni, kwa sababu inaoshwa mpaka ndani. Pima tu ml zako kwanza.

Juu ya maji ya kunywa nitasema kidogo. Kidonge cha klorini kilichoandikwa litri 20 ni cha bidoni ya litri 20. Bidoni ya galoni 5 za Marekani ina litri 19, inafaa. Ya galoni 5 za Uingereza inafika karibu litri 23, na ile kubwa ya litri 25 mnaijua. Kwa hizo usijaze mpaka juu. Tia litri 20, yaani chombo chako cha litri mara 20, na upige alama pale. Kisha ngoja dakika 30 mbele ya kunywa.

Siku ya kupima watoto kilo, mulete kijiko kimoja cha nyumbani na chombo munachotaka kiwe litri. Tuna sirinji na tuna jagi lenye alama. Kijiko kinapimwa kwa dakika moja. Wengine watakuta chao ni cha ml 4, wengine 6, na tutawaandikia. Alama ya rangi ya kucha inakaa miezi, halafu sabuni na mchanga wa kusugulia vinaila. Ikianza kufifia, musiichore upya kwa macho: rudisheni chupa mbili za cl 50, jazeni, pimeni tena.